Kimya cha Limi

Coletha alisubiri mtoto kwa miaka sita na ruhusa ya masomo kwa miaka minne, na vyote viwili vikaja karibu kufuatana. Limi alikuwa na miaka miwili na miezi minne barua ya halmashauri ilipofika shuleni Bugarama. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, akamkabidhi bahasha. "Haya mwalimu, safari hii wamekubali." Coletha aliisoma akiwa amesimama. Halafu akarudi darasani kuwahesabisha watoto wake vizibo vya soda, na kila alipofika saba akasahau kinachofuata.

Alifundisha darasa la awali. Watoto tisini na wawili, chumba kimoja, mikeka mitano. Wazazi wao wengi walikuwa wachimbaji wadogo, watu wa kuhamahama. Zikisikika habari kwamba mahali fulani pametema, kwamba dhahabu imeonekana, Jumatatu unakuta mikeka imepungua watu. Mumewe, Paschal, alikuwa fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na jioni alirudi nyumbani akiwa mweupe wa vumbi kuanzia nywele hadi kope.

Aliyemtia hamu ya kurudi chuo alikuwa mtoto mmoja aliyeitwa Mwigulu, ambaye wenzake walimwita Bubu. Mwigulu alikaa nyuma kabisa, akiangalia midomo ya watu. Coletha alikuwa na shahada ya kwanza, alijua kufundisha nyimbo, namba na kunawa mikono, lakini kwa mtoto yule hakujua aanzie wapi. Muhula ulipokwisha mama yake alikuja. "Mwalimu, kama hawezi, nimrudishe tu nyumbani akachunge." Coletha aliwasindikiza hadi getini. Mwigulu akaondoka, na kwa miaka kadhaa Coletha hakuweza kutazama ile kona ya mkeka bila kuona haya. Ndipo alipoanza kuomba nafasi ya shahada ya uzamili, elimu ya watoto wadogo pamoja na elimu maalumu, kwenye chuo kikuu kimoja huko Dodoma. Aliomba mara tatu. Ya tatu ikajibiwa.

Limi walimpeleka Ushirombo kwa mama yake Coletha, Bibi Paskalina. Huyu alikuwa mjane, mwanamke wa jembe na wa kanisa, aliyesoma mpaka darasa la nne na kulea watoto sita. "Nenda," alimwambia binti yake. "Mimi mtoto wa miaka miwili ananishinda nini?"

Limi wakati ule alikuwa msemaji. Alimsalimu kila mtu, hata mbuzi. Mvua ikianza aliikaribisha mlangoni kama mgeni. "Mvua, pita ndani!" Coletha alikuwa amemtungia wimbo wa kuamkia, wenye jina lake na majina ya wanyama wa pale nyumbani, na Limi aliuimba akikosea kila mstari.

Siku ya kuondoka majirani walimshauri Coletha aende mtoto akiwa bado amelala, asije akalia akamvunja moyo. Alifanya hivyo. Alimfunika vizuri, akanusa utosi wake, akachukua begi. Miezi michache baadaye, katika mhadhara, alisikia kwamba mtoto mdogo anapaswa kuagwa, hata akilia, kwa sababu anayeachwa usingizini huamka akijifunza kwamba watu hupotea. Coletha aliandika sentensi ile kwenye daftari, kisha akaifuta, kisha akaiandika tena.

Dodoma ilikuwa ya upepo na ardhi nyekundu. Alipangiwa chumba kimoja na Hosiana, mwalimu wa Songwa huko Kishapu, mwanamke mcheshi aliyekuja na gunia dogo la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ili asisahau ladha ya kwao. Darasani walikuwa kumi na wanne. Walisoma namna ubongo wa mtoto unavyokua, namna lugha inavyoingia, namna ya kumtambua mapema mtoto asiyeona vizuri au asiyesikia. Coletha alisoma kwa pupa. Lakini ikifika saa kumi na mbili jioni aliweka kila kitu chini, akatoka nyuma ya bweni na kupiga simu Ushirombo.

Bibi Paskalina alikuwa na simu ya kitochi. Aliiweka sikioni mwa mjukuu wake, na Limi akaanza. "Mama, kuku amekufa." "Mama, bibi amenichapa." "Sijakuchapa, mwongo wewe!" sauti ya bibi ikasikika kwa nyuma. "Mama, uje na gari." Wakimaliza waliimba ule wimbo, mmoja Dodoma na mmoja Ushirombo, na Coletha alirudi bwenini akiwa ameshiba na mwenye njaa kwa pamoja. Likizo ya Krismasi ilikuwa ya siku chache na njia ilikuwa ndefu. Hakwenda.

Katikati ya Januari, simu ya mama yake haikupatikana kwa siku nne. Paschal alisema mtandao unasumbua huko. Siku ya tano mama yake alipokea.

"Limi yuko wapi?"

"Yupo. Alikuwa na homa kidogo, amepona. Amekonda tu."

"Homa gani?"

"Homa za watoto, mwanangu. Wewe soma."

Alipowekewa simu, Limi hakusema kitu. Coletha aliita, akaimba, akasubiri. Alisikia pumzi tu, nyepesi, karibu kabisa na sikio lake. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa.

"Amenuna," alisema Bibi Paskalina. "Hata mimi haniongeleshi siku hizi. Anakutaka wewe. Ana moyo mgumu kama wa babu yake."

Basi Coletha akaamini kwamba mtoto amemkasirikia. Na kwa nini asiamini? Alimwacha amelala. Kila alichokisoma kilimpa sababu nyingine ya kuamini: mtoto aliyetengana na mama anaweza kunyamaza, anaweza kurudi nyuma katika maneno, anaweza kukataa kumtazama yule aliyemkosa. Aliandika insha kuhusu jambo hilo, na msimamizi wao, Dakta Eustace, akaisoma mbele ya darasa zima kama mfano. Watu walimpigia makofi. Yeye alikuwa anatazama saa.

Kwa wiki tisa aliongea peke yake. Alimsimulia Limi habari za mabweni na nyani wa Dodoma. Alimwahidi viatu vyekundu. Siku nyingine alimwomba msamaha, kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kisumbwa cha mama yake, kana kwamba lugha ile ingefika mahali ambapo nyingine haikufika. Jioni moja Limi alicheka ghafla kwenye simu. "Kuku amemrukia bibi mgongoni," alieleza bibi baadaye. Coletha aliishi kwa kicheko kile siku nyingi. Alimwambia Hosiana, "Ameanza kunisamehe."

Alifikiria kuacha masomo. Alimpigia Paschal, akamwambia anarudi.

"Mama Limi," Paschal alisema, na nyuma yake makarasha yalikuwa yakinguruma, "umesubiri miaka minne. Vumilia. Mtoto hawezi kununa maisha yote."

Alijua zaidi ya alivyosema, lakini hilo Coletha aliligundua baadaye.

Mwezi Machi darasa lao lilipelekwa kwa vitendo kwenye shule moja pembeni mwa mji, kujifunza kupima watoto wanaoanza awali. Kipimo cha kwanza kilikuwa rahisi. Mwanafunzi mmoja anachezea vitu mbele ya mtoto ili atulie, mwingine anasimama nyuma yake, hatua mbili, na kutikisa kopo lenye punje za mahindi. Anayesikia hugeuka. Coletha alikuwa ndiye wa nyuma. Watoto wanane waligeuka, mmoja hata akaudhika. Wa tisa, mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi mwenye gauni la njano, hakugeuka. Coletha alitikisa tena, kwa nguvu zaidi. Mtoto aliendelea kupanga vipande vya mbao.

Mama yake alikuwa kwenye benchi pembeni. Dakta Eustace alimuuliza kwa upole, "Huyu mtoto anaongea nyumbani?"

"Alikuwa anaongea sana," alisema yule mama. "Akaugua homa. Alivyopona akanyamaza. Tukajua ni uchovu."

Kopo lilimtoka Coletha mkononi. Punje zikatawanyika sakafuni, na mtoto wa gauni la njano, alipoziona zikipita mbele yake, akaanza kuziokota.

Alitoka nje bila kuomba ruhusa, akapiga simu. Ilikuwa mchana, saa ambayo hakuwahi kupiga, na mama yake alipokea kwa wasiwasi.

"Shikamoo mama. Limi yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko hapa uani, anachezea mchanga. Kuna nini?"

"Chukua sufuria kubwa na mwiko. Nenda nyuma yake, asikuone. Halafu piga."

"Coletha, una nini wewe?"

"Mama, nakuomba. Usikate simu."

Alisikia mlango, alisikia mama yake akinung'unika, kisha nyayo. Kisha sufuria ikalia. Hata kwenye simu sauti ilikuwa kali.

"Amegeuka?"

Zilisikika kwato zikipita mbio.

"Mama, amegeuka?"

"Mbuzi wamekimbia," alisema Bibi Paskalina taratibu. "Mbwa wa jirani amebweka. Ngoja." Sufuria ikalia tena, mara tatu, nne, kwa hasira, kwa kusihi. Halafu kukawa kimya, na katika kimya hicho Coletha akamsikia mama yake akianza kulia. "Bado anachimba mchanga, mwanangu. Hata kichwa hajainua."

Hosiana alimkuta amechuchumaa ukutani. Alidhani kuna msiba, akaanza kumpa pole. Coletha alitikisa kichwa. "Hakununa," alisema. "Hosiana, hakununa. Hakuwa ananisikia."

Aliondoka na basi la alfajiri. Njia nzima alikumbuka alivyosema kwenye simu jioni zote za zile wiki tisa, maneno yote yale, na wala hayakumuumiza kwamba yalipotea. Kilichomuumiza ni Limi: mtoto wa miaka miwili na nusu ambaye asubuhi moja aliamka na dunia imezimwa, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia kwamba wanajua.

Alifika Ushirombo saa nane mchana. Limi alikuwa amekaa kwenye kizingiti akimenya karanga. Alikuwa amerefuka, na alipoinuka aliyumba kidogo, kama mtu aliyeshuka kwenye mashine inayozunguka. Alimtazama mgeni yule mwenye begi. Kisha akakimbia ndani akajificha nyuma ya kitenge cha bibi yake, na jicho moja likabaki nje.

Coletha hakumfuata. Alikaa chini pale uani, vumbini, na gauni lake la safari. Jioni Limi alikuja mwenyewe, akamgusa hereni, akarudi kwa bibi.

Usiku ule Paschal naye alifika kutoka Bugarama, na wakamweleza. Haikuwa homa kidogo. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Limi alilazwa siku nne, tatu kati ya hizo hakumjua mtu. Walikubaliana wawili wao wasimwambie.

"Ungeacha chuo," alisema Paschal, akiangalia mikono yake.

"Ilikuwa haki yangu kuacha!"

"Nilifikiri atakufa, Mama Limi. Nilishindwa kutamka. Na alipopona nilifikiri yamekwisha."

Coletha aligeuka kwa mama yake, tayari kumwambia yote aliyokuwa nayo kifuani. Lakini Bibi Paskalina alikuwa anamlisha Limi, na Coletha akaona jambo ambalo hakulitegemea. Bibi alikunja vidole na kugusa shavu lake mwenyewe, kama kuuliza usingizi. Limi akatikisa kichwa, akafanya mkono kama mdomo wa kuku unaodonoa, kisha akaelekeza mlangoni. Bibi akacheka, akainuka kwenda kufunga banda la kuku.

"Mama," Coletha aliuliza aliporudi, "hayo umejifunza wapi?"

"Yapi?"

"Hayo ya mikono."

Bibi Paskalina alitazama mikono yake kana kwamba imemshtaki. "Nilimwita haji. Nikawa namwonyesha. Mimi nilisema ni udhaifu wa ugonjwa." Akaigeuza viganja juu. "Labda mikono ilijua kabla yangu."

Hasira ya Coletha haikwisha siku ile, wala mwezi ule. Lakini ilikosa pa kukaa.

Walimpeleka Limi kwa daktari wa masikio Mwanza. Masikio yote mawili. Daktari alieleza kwa uvumilivu kwamba homa ile imeharibu sehemu ya ndani, na kwamba vifaa vya kuvaa vingemletea labda ngurumo na vishindo, si sauti ya mtu. Paschal aliuliza swali hilo hilo kwa namna nne tofauti. Coletha hakuuliza. Alishajua majibu, aliyasoma, akayafanyia mtihani na kufaulu.

Waliporudi alitangaza kwamba haendi tena Dodoma. Alikuwa anafua nguo za Limi aliposema hivyo. Mama yake aliendelea kuanika.

"Utakaa hapa?"

"Nitakaa na mwanangu."

"Sawa. Tutakuwa wawili tusiojua." Bibi Paskalina alibana shati kwenye kamba. "Mimi namwonyesha ugali, kuku, kulala, baba. Nitamwonyeshaje Mungu? Nitamwonyeshaje kesho? Hayo kuna watu wanayajua, na wako huko ulikotoka. Nenda ukajue, halafu uje utufundishe."

Coletha alilia juu ya beseni. Alijua mama yake amesema kweli, na alitamani sana angekuwa amesema uongo.

Safari hii alimuaga. Mama yake alimwonyesha alama waliyoitumia Paschal anapokwenda machimboni: vidole viwili vinatembea juu ya mkono hadi kiwikoni, vinasimama, vinarudi. Coletha alipiga magoti mbele ya Limi, akajigusa kifua, akatembeza vidole hadi kiwikoni, akavirudisha. Limi alitazama begi. Alielewa. Alipiga yowe ambalo majirani walitoka nje kulisikiliza, akamshika mama yake gauni kwa mikono yote miwili, na bibi akalazimika kumfungua kidole kimoja kimoja. Coletha aliingia barabarani na yowe lile likimfuata mpaka stendi. Lilikuwa bora kuliko kimya. Hata hivyo liliuma kuliko kitu chochote alichowahi kusikia.

Chuoni alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Boaz, kiziwi aliyefundisha lugha ya alama. Boaz alimsikiliza kupitia kalamu na karatasi. Coletha alijaza ukurasa mzima. Boaz aliandika chini yake sentensi mbili: "Acha kumhurumia. Mwongeleshe." Akaanza kumfundisha siku ile ile, mama, baba, mtoto, maji, nenda, rudi. Alikuwa mkali. Mwanafunzi akichezesha midomo bila mikono, alimgeuzia mgongo.

Jioni, saa kumi na mbili, Coletha bado alitoka nyuma ya bweni. Hakupiga simu tena. Alimwongelesha mama yake mchana, habari za haraka. Alitoka tu kwa sababu miguu ilizoea. Alisimama pale akijaribu kuikumbuka sauti ya Limi, na kila wiki ikawa ngumu zaidi. Paschal alitafuta kwenye simu yake janja akapata kipande kimoja cha sekunde kumi na moja, Limi akimwita baba yake aje kula. Alimtumia. Coletha alikisikiliza mara moja. Kisha akamwomba Hosiana akihifadhi kwenye simu yake, akamwambia asimpe hata akiomba. Aliomba mara mbili. Hosiana hakumpa; alimpa michembe.

Mwaka wa pili ulikuwa wa utafiti. Coletha alitaka kuandika tasnifu yake juu ya alama ambazo mama na bibi wa vijijini wanazibuni wenyewe kwa watoto wadogo wasiosikia, kabla shule haijawafikia. Dakta Eustace alikunja uso.

"Mwalimu, nakuelewa. Lakini utafiti si barua ya kwenda nyumbani."

"Najua, dakta. Ila kila kitabu nilichosoma hapa kinaanza siku mtoto anapofika kwa mtaalamu. Mwanangu kabla ya hapo aliishi wiki tisa, na mtu aliyemfanya aendelee kuwa mtu ni mwanamke wa darasa la nne. Nataka kujua alifanyaje."

Dakta Eustace alimsogezea karatasi tupu. "Andika pendekezo. Na usiweke neno moja la kulia humo ndani."

Aliandika bila kulia. Alizunguka vijiji vya Bukombe na Msalala kwa miezi mitano, akafikia familia kumi na nane. Alirudi hata Bugarama kumuulizia Mwigulu. Familia ilishahama, wengine walisema ng'ambo ya Geita, wengine Chunya. Aliandika jina lake kwenye daftari na kuacha nafasi mbele yake, na nafasi ile haikujazwa.

Nyumba ya kumi na nane ilikuwa ya mama yake. Alikaa na Bibi Paskalina na Limi kwa wiki tatu, akirekodi. Alihesabu alama sabini na moja. Kulikuwa na alama ya uji wa moto na ya uji uliopoa. Kulikuwa na alama ya padri, ya mvua inayokuja na ya jirani mmoja mchoyo, ambayo Limi na bibi yake waliitumia mbele yake kwa siri na kucheka.

"Haya nayo ni ya chuo?" Bibi Paskalina aliuliza kwa aibu.

"Ndiyo, mama. Sasa naomba uifanye tena ile ya padri, polepole."

Siku moja, katika wiki ile ya tatu, alimfundisha Limi alama ya mama, ile ya Mwalimu Boaz. Limi aliiangalia vizuri. Akaijaribu mara mbili. Kisha akageuka, na kwa uso uliojaa ugunduzi akaielekeza kwa bibi yake.

Bibi Paskalina alishtuka. "Hapana, hapana, mama ni huyu," alisema kwa mdomo na kwa vidole, akimsukuma mtoto kwa Coletha. Coletha alimzuia. Alisema, "Mwache, mama. Hajakosea." Akatoka nje akaenda kusimama karibu na tanuru la matofali, ambako hakuna mtu angemwona.

Alihitimu Desemba. Halmashauri ya Shinyanga ilimhitaji, akahamishiwa shule moja Ngokolo kuanzisha kitengo cha watoto wadogo wasiosikia, chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Paschal alipata kazi karakana ya mjini. Limi alikuwa na miaka mitano. Walimleta.

Sasa ikawa zamu ya Limi kumkosa mtu. Alikula kidogo. Kila mwanamke mzee aliyepita barabarani na kitenge cha bluu, Limi alimkimbilia hadi getini, kisha akarudi taratibu. Aliweka kando nusu ya chapati yake, na Coletha alipouliza ya nani, alifanya alama ya bibi, ile ya nyumbani, kidole kwenye kidevu. Coletha alijua hamu ya namna hiyo. Alikaa naye chini na kuifanya ile alama pamoja naye, na hakuwahi kumwambia aache. Kila likizo walikwenda Ushirombo. Bibi Paskalina alikataa kuhamia mjini. Alisema ana mahindi, ana mbuzi, na jumuiya yake ya kanisa haina mweka hazina mwingine.

Kitengo kilianza na watoto wanne, kikafika kumi na mmoja. Mama mmoja kutoka Old Shinyanga alimleta mwanawe, akauliza mlangoni, "Mwalimu, ataongea?"

"Ataongea sana," Coletha alisema. "Ila itabidi na wewe ujifunze. Njoo Jumanne na Alhamisi. Njoo na bibi yake pia."

Limi alipotimiza miaka sita na nusu mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya mama yake. Aliuliza kila kitu: kwa nini jogoo anafungua mdomo, watu waliokufa wanaongea kwa kutumia nini. Jumamosi moja mchana walikuwa wamekaa kivulini nyuma ya nyumba wakichambua mchele. Limi aliacha ungo, akamgusa mama yake goti ili amtazame.

"Nilipokuwa mdogo kwa bibi," aliuliza kwa mikono, "wewe ulikuwa wapi?"

Coletha alijipangusa vumbi la mchele. Kwa miaka minne alikuwa amelitayarisha jibu, lenye sababu na lenye mpangilio, na sasa lote likamtoka. Alianza mwanzo kabisa. Alimwambia habari za mtoto aliyekaa nyuma ya darasa. Alimwambia kwamba aliondoka Limi akiwa amelala, na kwamba alikosea. Alimwambia kwamba kila jioni alimwongelesha, na hakujua kwamba hasikii.

Limi alifikiri. "Ulisema nini?"

"Vitu vingi. Habari za nyani. Viatu vyekundu."

"Viatu vyekundu viko wapi?"

Coletha alicheka, na machozi yakaja papo hapo. "Sikununua."

Limi alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeamua. Kisha akasogea akakaa mapajani mwake, ingawa alikuwa amekua na miguu yake ilifika chini, akamgeuzia uso ili aione mikono ya mama yake vizuri.

"Anza tena," alisema. "Ya nyani kwanza."